Mabawa Mawili ya Kulia

Vijana wangu wa karakana, mmenicheka vya kutosha. Najua mnavyosema nikigeuka: Haji Isabirye, aliyetusumbua miaka yote kwa mlango uliopinda unywele mmoja, leo uzeeni anachezea ndege za watoto. Ni kweli, nazichezea, tena kwa raha zote. Lakini zimeni hiyo mashine ya randa mkae kidogo niwaeleze ndege yenyewe ilivyojengwa, kwa sababu ilinifundisha useremala upya wakati nilishajiona nimemaliza. Na ndani ya habari hiyo yumo mtu ambaye wengi wenu hamkumkuta hapa mtaani Walukuba, Yonasani Wamono wa Mbale. Kwa mkono wa kazi ananizidi. Msimwambie kuwa nimesema.

Kwanza uzito. Mimi na Wamono tulijifunza kazi pamoja hapa Jinja, kwenye karakana ya upande wa viwandani ambayo siku hizi ni ghala la saruji, na mteja wetu mkubwa alikuwa jeshi. Tulitengeneza vitanda vya kambini. Alikuwa akija afande mmoja kuvipokea, na kipimo chake cha kitanda kilikuwa kupanda juu na buti zake na kuruka. Kitanda kikilia, kinarudi. Kikivunjika, hatukutaka kujua kinachofuata. Basi kila siku tuliongeza unene: mguu mnene, ubao mnene, msumari mrefu. Tulipofika mahali pa kuhitaji watu wanne kubeba kitanda cha mtu mmoja, afande aliruka, kitanda kikanyamaza, akatupa mkono. Watu wengi wa mji huu mpaka leo wakisikia Kiswahili, lugha ya wanajeshi wale, wanazikumbuka buti zile, na siwalaumu. Lakini kwetu sisi wawili kilikuwa pia lugha ya gundi na msumeno, maana mimi ni Msoga, yeye ni Mgisu, na bila hicho tungebaki kuonyeshana vidole.

Nawaeleza haya mjue mkono wangu ulitoka wapi. Maisha yangu yote nimeamini kwamba kitu kizuri ni kitu kizito. Ninyi wenyewe mmenisikia nikigonga mlango wa mteja kwa ngumi na kusema, huu ni mlango. Sasa mtu kama huyo mpe ajenge kitu cha kuelea hewani uone.

Lile boksi nililipata Bugembe, kwa yule mama anayeuza vitu vya mitumba kutoka ng'ambo, vyombo, vigari vya watoto, pasi, taa. Lilikuwa boksi refu limechakaa kwenye pembe, juu yake picha ya ndege nyeupe ikipita juu ya vilima vya majani. Ndani mlikuwa na vipande vya mti mwepesi ajabu unaoitwa balsa, mchoro mkubwa uliokunjwa, na rimoti ya zamani yenye antena ndefu kama ya redio ya babu yenu. Ilikuwa glaida, yaani ndege isiyo na injini, inayobebwa na upepo tu, na mtu aliye chini anaigeuza kwa rimoti. Aliyeinunua mara ya kwanza, huko alikokuwa, hakuwahi kuijenga. Hata uzi wa kufungia mbao ulikuwa haujafunguliwa. Mimi niliichukua kwa tamaa ya zile mbao nyembamba tu, nikidhani zitanifaa kwa mapambo ya kabati. Nikaiweka chini ya meza, ikakaa, ikashika vumbi.

Kisha ikaja simu kutoka Mbale. Ilikuwa ya Nambozo, binti wa Wamono, ambaye anatengeneza simu kwenye kibanda chake pale mtaani kwao Namakwekwe. Alinieleza kwamba baba yake ana presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limeshazimika bila yeye kumwambia mtu. La kushoto lilikuwa linaona katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari amempa dawa ya matone, akasema huenda ikachelewesha mambo, lakini hakuahidi. Nambozo alisema macho siyo yaliyomtisha zaidi. Kilichomtisha ni kwamba mzee amekusanya vyombo vyake vyote vya kazi, akavifunga kwenye gunia, akalisukuma gunia chini ya kitanda, na tangu hapo anaamka, anakaa, anaangalia ukuta. Watu wakimsalimia anaitikia kama mtu aliyekwisha kuaga.

"Haji, mtafutie kazi," aliniambia. "Hata kazi ya uongo."

Nilikaa na simu mkononi, na nawaambieni ukweli, nililia. Mimi na Wamono tumekula sahani moja tangu ndevu hazijaota. Nilimjua kuwa kazi ya uongo ataigundua kabla hujamaliza kuieleza. Ukimpa akupigie msasa ubao ambao umeshapigwa msasa, atakurudishia na kuuliza una shida gani. Ilibidi iwe kazi ya kweli, ndogo, ya vidole, inayoweza kufanyika mezani karibu na dirisha. Ndipo macho yangu yakaangukia lile boksi.

Nikalipeleka Mbale mwenyewe. Wamono alinipokea vizuri, tukala malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga, kisha nikafungua boksi mbele yake bila hotuba. Alichukua kipande cha balsa, akakipima kwenye kiganja, akakinusa, akakiinamisha.

"Hii ni mti ama mkate?"

Nikamwambia ni mti, wa nchi za mbali, na kwamba unajengewa ndege. Akataka kujua kama ndege yenyewe itaruka kweli. Nikasema kwenye boksi wameandika itaruka. Akaendelea kupapasa kile kipande kwa kidole gumba. Halafu akasema neno ambalo ndilo lililotusukuma mpaka mwisho.

"Haji, mimi nataka kuiona ikiruka. Kwa hii jicho yangu. Kabla giza haijafika."

Basi kazi haikuwa tena ya uongo. Tulikuwa tunashindana na ugonjwa ambao hauna Jumapili.

Tuligawana. Mimi nilikuwa na ninyi wa kuwasimamia huku Jinja, kwa hiyo nilichukua bawa moja nilijenge hapa. Yeye akachukua bawa la pili, mwili na mkia. Mchoro tukautoa kopi kwenye duka la karatasi pale mjini Mbale, kipande kwa kipande, tukaunganisha kwa gundi ya karatasi, kila mtu na wake. Mlioniona nikijifungia kwenye kile chumba cha vanishi, mkadhani naficha chakula, nilikuwa najenga bawa.

Sikieni namna yenyewe, maana mtu anaweza kuwaletea kazi kama hii. Balsa haikatwi kwa msumeno, inakatwa kwa wembe mpya, tena kwa kupitisha mara nyingi kwa upole. Ukikandamiza, inafuata mshipa wake wa mti na siyo mstari wako. Unalaza mchoro juu ya ubao ulionyooka kabisa, juu ya mchoro unatandika nailoni nyepesi ili gundi isishike karatasi, kisha unajenga bawa juu ya mistari hiyo hiyo, unashikilia kila kitu kwa pini. Bawa lina mbavu, kila ubavu umeumbwa bapa chini na mgongo juu, mnene mbele na mwembamba nyuma, na mbavu zote zinapita kwenye miti miwili membamba inayokwenda urefu wa bawa. Ukilitazama kabla halijavishwa karatasi, ni kama samaki aliyeliwa vizuri.

Kuhusu gundi tulibishana kwa simu mpaka Nambozo akatuambia tunammalizia betri. Mimi nilitaka ile gundi ya chupa ndogo inayoshika hapo hapo. Wamono akakataa katakata. Alitaka gundi nyeupe ya kawaida, ile tunayotumia kwenye viti, inayochukua usiku kucha kukauka. Hoja yake ilikuwa kwamba gundi inayokauka upesi haikupi nafasi ya kubadili mawazo. Nilimwambia hana mawazo ya kubadili. Lakini nilitumia nyeupe, kwa kuwa nilijua siku ya kukutana ataiangalia kwanza.

Kwenye jambo moja nilimficha. Pale bawa linapoungana na mwili, mchoro ulitaka kipande cha balsa na plaiwudi nyembamba. Mimi nilikitazama kile kipande, nikamkumbuka afande na buti zake, nikashindwa kuvumilia. Nikachonga kijiti cha mvule nikakipachika. Kidogo tu, cha kutia moyo.

Siku ya kuunganisha nilifika Namakwekwe na bawa langu limefungwa ndani ya mkeka wa kuswalia, nimelipakata njia nzima kutoka Jinja, na abiria wenzangu wakiniuliza kama ni mgonjwa. Bawa la Wamono lilikuwa mezani. Nililipitisha kidole. Jamani, lile bawa. Mtu anayeona tundu la ufunguo tu alikuwa amepanga mbavu ambazo ukipitisha ukucha juu yake husikii hata moja iliyozidi. Nilimwuliza amefanyaje. Akasema anafunga jicho na kupima kwa ukucha, kisha anafungua kuhakikisha, na kwamba seremala tangu zamani hutumia jicho moja tu kuchungulia ubao, kwa hiyo yeye amebakiwa na lile linalohitajika. Alisema hivyo huku anacheka, na mimi nikacheka.

Tukaweka mwili katikati. Tukaweka bawa lake upande wa kulia, likakaa sawasawa. Nikaweka langu upande wa kushoto. Halikukaa. Nikaligeuza. Sasa upande mnene ulikuwa mbele panapotakiwa, lakini mgongo umekwenda chini na tumbo limetazama mbingu. Nikaligeuza tena. Mgongo ukarudi juu, upande mnene ukaenda nyuma. Kila nilivyolizungusha kulikuwa na kitu kimoja kinakataa.

Wamono alikuwa anapapasa mabawa yote mawili, akifuata kingo zake kwa vidole. Nikaona uso wake unabadilika.

"Ni macho yangu," akasema. "Nimeharibu."

Akasimama, akashika ukuta, akatoka kwenda kukaa barazani. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema kama mtu ambaye alikuwa anasubiri habari hiyo muda mrefu na sasa imefika. Nambozo alinitazama. Tuliona wote wawili kwamba lile gunia linaweza kurudi chini ya kitanda na lisitoke tena.

Nambozo ndiye aliyevuta mchoro wenyewe kutoka kwenye boksi, ule mkubwa wa asili, akaanza kusoma maneno. Sisi maseremala tunasoma mistari, maneno tunawaachia wenye muda. Pale kwenye pembe ya chini palikuwa na sentensi ya herufi ndogo, naye akanitafsiria: mchoro huu ni wa bawa la kulia tu, kwa bawa la kushoto, geuza karatasi ujenge upande wa pili. Nikatazama kopi yangu. Nikatazama kopi ya Wamono. Zilikuwa sawa, zote zimelala upande mmoja. Yeye alijenga bawa la kulia huko Mbale. Mimi nilijenga bawa la kulia huku Jinja. Watu wawili waliopachika milango ya kulia na ya kushoto katika nusu ya nyumba za Jinja, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kushoto kuko wapi.

Nikatoka barazani na lile bawa langu mkononi.

"Wamono, hii ya kwangu pia ni ya kulia," nikamwambia. "Macho yangu mbili iko mazima, na nimefanya ya kulia."

Hakuniamini. Ilibidi nimpe ashike. Akalipapasa kutoka shinani mpaka nchani, akasimama kwenye ukingo wa mbele, akarudi nyuma, akalipapasa tena. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka mpaka jirani wa chumba cha pili akatoka kuuliza kuna nini, na mimi nikashindwa kueleza kwa sababu nami nilikuwa nimeinama nashika tumbo. Alipopata pumzi aliniuliza kama na afande tulimpelekea vitanda vya kulia tupu.

Akalipima bawa langu kwenye kiganja. Kicheko kikasimama.

"Hapa ndani umeweka nini?"

Nikasema, mvule kidogo. Aliniangalia kwa kile alichobakiwa nacho cha kuangalia, na nikajua ni bawa gani litakalobomolewa.

Hapo ndipo ile gundi yake nyeupe ilipotuokoa. Ingekuwa ile yangu ya kushika upesi, balsa ingepasuka yote, na mti mwingine wa namna hiyo hatukujua pa kuupata. Nyeupe inalegea kwa maji ya moto. Tulipitisha kitambaa cha moto kwenye kila kiungo, tukasubiri, tukachomoa ubavu mmoja mmoja kama mtu anayetoa miiba. Ubavu ni bapa, hauna kulia wala kushoto, kwa hiyo zote zilitumika tena. Miti ya urefu pia. Mvule peke yake ndio uliofukuzwa, na Nambozo akauchukua kuegemezea mlango wa kibanda chake.

Tatizo lilikuwa mchoro. Ukiugeuza, upande wa nyuma ni karatasi tupu. Wamono akaagiza mafuta ya kupikia. Tukaipaka ile kopi mafuta kwa kitambaa, ikawa kama dirisha, mistari yote ikaonekana kutoka nyuma. Hiyo muikumbuke, itawafaa hata kwenye kazi ya kabati. Kisha akasema anahitaji msumeno wake mdogo wa meno laini wa kukatia ile plaiwudi ya kiungo, akaingia chumbani, nikasikia gunia linaburutwa sakafuni. Mimi na Nambozo hatukutazamana. Tulijifanya tunapanga pini.

Nilikaa kwao. Nilikuwa nimekuja kuunganisha na kuondoka, nikajikuta nina mswaki wangu bafuni kwa watu. Tulijenga bawa la kushoto pamoja, yeye akiweka, mimi nikishika pini na kusoma mstari kwa sauti pale alipokuwa hauoni. Tuligombana kama zamani. Aliniambia mkono wangu umezoea kupiga misumari ya jeneza. Nilimwambia yeye amezoea kupongezwa.

Karatasi ya kuvisha mabawa iliyokuwa ndani ya boksi ilishazeeka, ukiigusa inavunjika kama jani kavu. Nambozo akazunguka kwa wauza viatu akakusanya zile karatasi laini wanazofungia viatu vipya. Tulizibandika kwa gundi iliyozimuliwa, tukazinyunyizia maji, na zilipokauka zikajivuta zenyewe zikawa ngumu kama ngoma. Baadaye vanishi tuliyoizimua kwa thina, mkono mmoja, mwepesi. Nilitaka kupaka mkono wa pili ing'ae. Wamono alichukua brashi akaikalia.

Rimoti ilikuwa kazi ya Nambozo. Alifuta kutu, akabadilisha betri, akaunganisha upya vimota viwili vinavyovuta mkia, kimoja kwa kupinda na kimoja kwa kupandisha pua na kuishusha. Akatembea na rimoti barabarani akienda mbali nasi, na sisi tumeshika ndege tukiangalia kama mkia bado unamtii. Watu wa Namakwekwe walitazama wazee wawili wameshika ndege, wakipigiwa simu na kuitikia, umetikisika, bado umetikisika.

Na uzani. Ndege ya namna hii unaishika kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, mahali mchoro umeweka alama, nayo inatakiwa ilale sawa. Ya kwetu ilikaa kama mbuzi, matako chini. Nikakumbuka vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi wetu wa Masese wanafunga chini ya nyavu, nikapiga simu nikaletewa. Tulivijaza puani mpaka ikalala. Kumbe mahali pekee palipotaka uzito ni pale ambapo mimi sikuwa nimeweka.

Tulipoijaribu mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule ilikwenda vizuri kwa muda wa kusema bismillahi, kisha ikageuka kutujia, Nambozo akapinda kulia na yenyewe ikaenda kushoto, ikaingia kwenye majani kwa pua. Ikitazama kwako, mkono wake wa kulia uko kwenye mkono wako wa kushoto, na lazima kichwa kijifunze hivyo. Kichwa changu kilikataa kabisa. Cha Nambozo kilijifunza. Tuliunganisha pua, tukarudi, tukaunganisha tena. Wamono alikuwa akisikiliza mlio wa kuanguka na kutaja kilichovunjika kabla hatujafika, na mara nyingi alipatia.

Lakini asubuhi moja alinimiminia chai, na chai ikaenda mezani pembeni ya kikombe, naye akaendelea kumimina akizungumza habari nyingine. Nikaweka mkono wangu juu ya birika. Nambozo akatoka, akarudi na jirani mwenye pikapu, akasema leo tunapanda Wanale.

Mliofika Mbale mnaujua mlima huo, unavyosimama nyuma ya mji kama ukuta. Mchana jua likishapasha bonde, upepo unapanda kutoka chini, unagonga mwamba, unakwenda juu. Hatukuhitaji mtu wa kutueleza. Mwewe walikuwa wamejipanga pale ukingoni wakipaa bila kupiga bawa hata mara moja. Tukamkalisha Wamono juu ya jiwe mbali kidogo na ukingo, nikamfunga shuka mabegani. Nikashika ndege. Nambozo akavuta antena. Nikaomba dua kimoyomoyo, nikaisukuma kwenye upepo.

Ilizama. Nilisikia moyo wangu umezama nayo. Kisha upepo ukaishika chini ya mabawa ukaiinua mbele ya nyuso zetu, ikapanda, ikapanda, nyeupe, na jua likipita kwenye zile karatasi za viatu mpaka unaona mbavu zote. Nilipiga kelele. Mtu mzima, Haji, nilipiga kelele kama niko uwanja wa mpira.

Nikageuka kumtazama Wamono. Alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Ndege inakimbia, anga ni kubwa, na yeye alichobakiwa nacho kilikuwa kidogo mno. Kila akifika mahali ilipokuwa, imeshapita.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Ikapita. Nikamwonyesha tena. Mwisho akainamisha kichwa, akasema tusijali, amesikia kwamba imeruka, inatosha. Alijaribu kutabasamu. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia anga siku hiyo.

Nambozo hakugeuka. Macho yake yalikuwa juu, vidole kwenye rimoti. Akasema taratibu, "Baba, ngoja. Naisimamisha."

Akaigeuza ile ndege ikatazama upepo uso kwa uso, akaishusha pua kidogo sana, mpaka mwendo wake ukawa sawa na mwendo wa upepo. Na ikasimama. Wallahi ikasimama, pale hewani mbele ya mwamba, ikitikisika nchani tu, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Nilikimbia nikasimama nyuma ya Wamono, nikanyoosha mkono wangu juu ya bega lake, nikaulenga. Nikamwambia afuate mkono. Akalaza shavu, akachungulia kuanzia kwenye bega langu, akaenda kwenye kiwiko, kwenye kidole, akatoka kwenye kidole. Nilisikia mwili wake umetulia.

"Naona," akasema.

Nambozo aliishikilia pale. Mkono ulinichoka nikaukamata kwa mkono wa pili. Machozi yalimtoka Wamono kwenye jicho lake lile moja, na hakuyafuta, asije akaipoteza. Aliangalia muda mrefu bila kupepesa sana, akiipitia kama anavyopitia kazi kabla haijatoka karakana, bawa moja, bawa la pili, mwili.

"Haji," akasema, "mkia iko nzito kidogo. Hii ingine tutapunguza."

"Hii ingine gani?"

"Hii tunaanza Jumatatu."

Nambozo alisikia. Kule mbele ndege ikayumba, kisha akaituliza. Mimi sikuwa na hata shati la kubadilisha lililobaki safi. Nilipomaliza kuwasaidia kuteremsha ndege, nilimpigia mke wangu simu nikiwa bado kule juu mlimani, nikamwomba anitumie nguo za wiki kadhaa kwa dereva wa asubuhi, na ile randa yangu ndogo.